Kabla ya Kumpima Mwanafunzi, Mpimeni Bingwa

Daktari anayesomea ubingwa wa upasuaji, akiketi mbele ya kisanduku cha mazoezi ya upasuaji wa matundu madogo, mara nyingi hukabidhiwa namba ambayo hakuna aliyemweleza ilikotoka. Kwa zoezi la kushona na kufunga fundo ndani ya kisanduku, namba hiyo ni sekunde 112. Kwa kuhamisha vipande sita kutoka kigingi hadi kigingi na kuvirudisha, ni sekunde 48. Kwa kukata duara lililochorwa kwenye gozi, ni sekunde 98, na mkasi usitoke nje ya mstari kwa zaidi ya milimita 2. Namba hizi zilichapishwa mwaka 2007 na wapasuaji wawili wa Marekani, Ritter na Scott, waliokuwa wakitafuta kiwango cha kufundishia mazoezi matano ya mpango wa misingi ya upasuaji wa matundu madogo, unaojulikana kwa kifupi kama FLS, ambao leo ni sharti la kupata ubingwa wa upasuaji wa jumla nchini humo. Hazikuokotwa njiani. Zilipatikana kwa kuwapima wapasuaji wazoefu wakifanya mazoezi yale yale kwa vifaa vile vile. Ninachotaka kukijadili ni kama namba hizo zikifika Moshi bado zinapima kile zilichokusudiwa kupima, na kama hazipimi, kipimo chetu kitengenezwe vipi na kitengenezwe na nani.

Mjadala huu una mahali pake hapa Kaskazini. Chuo cha Wapasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, COSECSA, kilichoanzishwa mwaka 1999, kina makao yake makuu Arusha, na kutoka hapo kinasimamia mitihani ya wapasuaji wa nchi zaidi ya kumi: ule wa uanachama baada ya miaka miwili ya mafunzo, na ule wa ubingwa wenyewe baada ya mingine mitatu. Mwendo wa kilomita takribani 80 kutoka hapo iko KCMC ya Moshi, hospitali ya rufaa iliyofunguliwa mwaka 1971, ambako upasuaji wa matundu madogo umejengwa kwa ushirikiano wa muda mrefu na wenzao wa Northumbria, Uingereza. Kwa maneno mengine, watu wanaoweza kuamua mwanafunzi wa ukanda huu afike wapi kwenye simuleta, yaani kifaa cha mazoezi kinachoiga upasuaji, kabla ya kumgusa mgonjwa hawako ng'ambo. Wako barabara moja. Na shinikizo la kufundisha wengi kwa haraka halitapungua, kwa sababu tume ya jarida la Lancet ilikadiria mwaka 2015 kwamba nchi za kipato cha chini na cha kati zinahitaji operesheni milioni 143 zaidi kila mwaka ili kuokoa maisha na kuzuia ulemavu.

Kwa nini kuhangaika na kipimo, badala ya kununua mashine na kuwaacha vijana wafanye mazoezi? Jibu liko kwenye tafiti, nalo ni la kushangaza kidogo, kwani zinaonyesha kwamba faida haiko kwenye mashine peke yake. Mwaka 2002 timu ya Chuo Kikuu cha Yale iliyoongozwa na Neal Seymour iliwagawa kwa bahati nasibu madaktari 16 waliokuwa wakisomea upasuaji. Kundi moja lilifanya mazoezi kwenye simuleta hadi kila mmoja alipofikia kiwango kilichowekwa na mabingwa, na kundi jingine likafundishwa kwa njia ya kawaida. Kisha wote wakaingia thieta kuondoa mfuko wa nyongo chini ya uangalizi. Waliotoka kwenye simuleta walitumia muda pungufu kwa asilimia 29 kuutenganisha mfuko na ini, huku wenzao wakiwa na uwezekano mara tano zaidi wa kuujeruhi mfuko au kuunguza mahali pasipohusika. Mwaka 2009 watafiti wa Denmark waliona jambo la aina hiyo hiyo kwa madaktari wanaosomea magonjwa ya wanawake: waliofikia kiwango kwenye simuleta waliondoa mrija wa uzazi kwa muda wa katikati wa dakika 12, na ambao hawakupita huko walitumia 24.

Utafiti ninaoupa uzito mkubwa zaidi, hata hivyo, ni ule wa mwaka 2015 kuhusu ukarabati wa bega kwa kamera, kwa kuwa ulikuwa na makundi matatu. Kundi la kwanza lilifundishwa kwa desturi. La pili lilipewa simuleta bila kulazimishwa kufikia kiwango chochote. La tatu lilipewa simuleta ile ile, lakini hakuna aliyeruhusiwa kusonga hatua inayofuata kabla ya kufikia kigezo cha mabingwa. Kundi la pili halikulizidi sana la kwanza, ilhali la tatu lilifanya makosa pungufu kwa asilimia 56 kuliko lile la desturi. Hospitali inayopokea simuleta ya msaada, ikaifungulia chumba, ikapiga picha na mfadhili na kuweka ratiba ya vijana kuingia humo, lakini isiweke kigezo, imejiweka kwenye kundi la pili.

Sasa tuingie kwenye utengenezaji wa kigezo chenyewe, kwani hapo ndipo mambo yanapoharibika kimyakimya. Njia iliyozoeleka ni kuwaita mabingwa wachache, kuwapa zoezi, kurekodi muda na makosa yao, kisha kuchukua wastani na kuutangaza kuwa ndio kiwango. Tatizo la kwanza ni la hesabu tu. Ikiwa alama za mabingwa zimetawanyika sawasawa pande zote za wastani, basi takribani nusu ya majaribio ya mabingwa wenyewe yatakuwa yameshindwa kufikia kiwango cha mabingwa, na mwanafunzi anadaiwa kile ambacho mwalimu wake hukikosa kila mara ya pili.

Tatizo la pili linakwenda upande wa kinyume, nalo linaonekana vizuri kwa mfano wa kubuni. Tuseme mabingwa watano wamefunga fundo ndani ya kisanduku kwa sekunde 95, 104, 110, 118 na 243. Wastani wao ni sekunde 134. Wanne kati ya watano wako chini kabisa ya namba hiyo, na aliyeipandisha ni mmoja tu, pengine kwa sababu sindano ilimponyoka, au aliitwa kwenye simu kutoka wodini, au hajagusa vifaa vya matundu madogo tangu alipohitimu. Namba ya katikati, 110, inaeleza uwezo wa kundi hilo kwa uaminifu zaidi kuliko wastani. Ukiwa na mabingwa watano, mmoja anatosha kukupotosha, na kwa hospitali nyingi za ukanda huu kuwapata hata hao watano wa upasuaji wa matundu madogo ni kazi. Ndiyo maana siamini kigezo chochote kinachotokana na taasisi moja peke yake, iwe ya Moshi, ya Dar es Salaam au ya Boston.

Kuna jambo dogo ambalo waandaaji wengi hulipita. Bingwa mwenye operesheni mamia mikononi si lazima awe amewahi kukaa mbele ya kisanduku. Majaribio yake mawili ya kwanza hupima anavyokizoea kisanduku zaidi ya anavyoujua upasuaji. Ukiyachukua hayo kama kigezo, mwanafunzi anayelala na kisanduku bwenini atampita bingwa ndani ya wiki moja, na hapo wazee wa idara watapata hoja ya kusema kwamba simuleta ni mchezo wa vijana usiohusiana na thieta. Hawatakuwa wamekosea kwa namba walizo nazo. Dawa ni kumpa bingwa nafasi ya kuzoea vifaa kwanza, kisha kurekodi majaribio kadhaa yanayofuata, na kutazama kama alama zake zimetulia.

Na bingwa ni nani? Kwa kawaida tunajibu kwa cheti na miaka, kwa sababu ndivyo vinavyohesabika kirahisi. Mwaka 2013 John Birkmeyer na wenzake walichapisha utafiti wa wapasuaji 20 wa Michigan wanaofanya upasuaji wa kupunguza unene. Kila mmoja alitoa video ya operesheni yake, na wenzake wakaipa alama bila kujua ni ya nani. Robo ya wapasuaji waliopata alama za chini ilikuwa na wagonjwa waliopata matatizo kwa asilimia 14.5, na robo ya juu kwa asilimia 5.2. Wote hao walikuwa na vyeti, na wote wangeweza kualikwa kama mabingwa siku ya kuweka kigezo. Kwa hiyo bingwa wa kipimo anapaswa kuchaguliwa kwa kazi yake inayoonekana, kwa video na kwa matokeo ya wagonjwa wake. Najua pendekezo hili linauma. Katika idara ambayo kila mtu humwita mwenzake Profesa au Dokta na ukubwa unaheshimiwa hadi kwenye mpangilio wa viti vya kikao cha asubuhi, si rahisi kumwambia mtu kwamba tunaomba video yako kabla ya kukuhesabu bingwa. Lakini video inaweza kufichwa jina, na watakaoipima wanaweza kuwa wa nchi nyingine. Chuo kinachosimamia nchi nyingi kina nafasi hiyo, ambayo hospitali moja haina.

Turudi kwenye zile sekunde 112. Ili kuelewa kwa nini hazisafiri vizuri, inafaa kulitazama zoezi lenyewe kwa karibu. Mpira laini wenye umbo la mrija umepasuliwa kwa urefu, na kila upande wa mpasuo umewekewa nukta nyeusi. Mwanafunzi anaingiza sindano kwa kishikizi kirefu, anaitoboza kwenye nukta ya kwanza, anaitoa kwenye nukta ya pili, kisha anafunga fundo mara tatu akibadilishana mikono, akitazama skrini badala ya mikono yake. Anapunguziwa alama kwa kila milimita aliyoikosa nukta, kwa mpasuo uliobaki wazi, na kwa fundo linaloteleza au kufunguka likivutwa. Muda wa juu kabisa unaokubalika ni sekunde 600, na alama yake ni sekunde zilizobaki baada ya kutoa adhabu.

Fikiria sasa zoezi hilo hilo kwenye kisanduku cha plastiki kilichotobolewa na fundi, ambacho kamera yake ni simu iliyofungwa kwa mpira. Picha huchelewa kufika kwenye skrini kidogo tu, lakini kuchelewa huko kunatosha kumfanya mtu aisimamishe sindano na kusubiri ajue iko wapi. Kishikizi kimetumika hadi meno yake yamelainika, hivyo sindano inazunguka ndani yake kila inapogusa mpira, na mwanafunzi anaishika upya mara tatu au nne. Uzi ni wa msaada na muda wake wa matumizi umepita. Unajikunja kama ulivyokaa ndani ya pakiti na hauko tayari kulala pale unapouweka. Hakuna kati ya haya kinachohusu ustadi wa mwanafunzi, na yote yanaingia kwenye saa.

Hapa ndipo hoja yangu ilipo. Muda unategemea vifaa, lakini kosa halitegemei vifaa kwa kiasi hicho. Fundo lililofunguka limefunguka Moshi kama ambavyo lingefunguka Montreal, ambako Gerald Fried na wenzake wa Chuo Kikuu cha McGill walibuni mazoezi haya kabla hayajachukuliwa na FLS. Mpasuo uliobaki wazi kwenye mpira ungekuwa utumbo unaovuja kwa mgonjwa, na mgonjwa wa Rombo hana utumbo unaovumilia zaidi. Kigezo cha makosa, basi, kibaki kilivyo kokote kinakotumika, bila punguzo, na kigezo cha muda kipimwe upya pale ambapo vifaa ni vingine.

Naweza kusikia pingamizi: kwamba kupima upya muda ni njia ya heshima ya kushusha kiwango kwa ajili ya Waafrika, na kwamba mwanafunzi wetu akienda nje atadharauliwa. Pingamizi hili nalichukulia kwa uzito, kwa sababu historia ya vitu vya daraja la pili kuletwa huku kwa lugha nzuri tunaifahamu. Lakini hatari iliyo kubwa zaidi, kwa maoni yangu, iko upande wa pili. Mwanafunzi anayelazimishwa sekunde 112 kwa kishikizi kibovu atazipata kwa njia moja tu, nayo ni kuharakisha: atatoboa karibu na nukta badala ya kwenye nukta, ataliacha fundo la tatu likiwa legevu, na adhabu ya milimita itamgharimu kidogo kuliko anachookoa kwenye saa. Kipimo kinachochanganya muda na makosa kwenye alama moja huruhusu biashara hiyo. Mimi ningevitenganisha kabisa, ili kosa lihesabiwe limetokea au halikutokea, na likitokea jaribio lifutwe hata kama lilimalizika kwa sekunde 60.

Kuhesabu makosa kwa namna hiyo kunadai kazi ya awali ambayo hatuipendi, kazi ya kuandika. Kosa lielezwe kwa maneno ambayo watazamaji wawili wasiojuana wakiiangalia video moja watakubaliana nayo. Anthony Gallagher na wenzake, ambao ndio waliolikuza wazo hili la mwanafunzi kusonga mbele kwa kigezo, hudai makubaliano ya watazamaji yafikie angalau 0.8, pale ambapo 1 ni makubaliano kamili, kabla kipimo hakijatumika. Maneno kama “ameshughulikia tishu kwa upole” hayatafika hapo. “Sindano imetoka nje ya skrini” yatafika. Mfumo wa Toronto wa mwaka 1997 wa kumpa mwanafunzi alama ya 1 hadi 5 kwa kila kipengele una faida zake darasani, na wasimamizi wengi wanaujua, lakini kwa kumzuia au kumruhusu mtu kuingia thieta ningependelea orodha ya makosa.

Jambo jingine, ambalo linanishangaza kwamba halisemwi mara nyingi, ni kwamba tunaanza na upasuaji ambao mabingwa wetu ni wachache, huku tukiuacha ule ambao mabingwa wetu ni wengi. Kazi kubwa ya mpasuaji katika hospitali za ukanda huu bado ni ya kufungua tumbo: utumbo uliotoboka kwa homa ya matumbo, henia iliyonaswa, utumbo uliojisokota, mama aliyepelekwa kujifungua kwa upasuaji usiku wa manane. Huko hatuna upungufu wa mikono ya kupima. Kuunganisha utumbo kunaweza kufundishwa kwa utumbo wa mbuzi kutoka buchani, ambao haugharimu kitu cha kutisha, na kigezo chake ni cha kweli kuliko saa yoyote. Baada ya mwanafunzi kumaliza kushona, funga ncha moja, jaza maji ya rangi kupitia nyingine, minya taratibu, na utazame kama rangi inatoka katikati ya mishono. Kisha ukate maungio uyafungue uone kama ukuta wa nyuma umenaswa ndani ya mshono wa mbele, kosa ambalo kwa nje halionekani na ambalo mgonjwa angelilipia siku chache baadaye. Mabingwa ishirini au thelathini wa zoezi hilo wanaweza kupatikana ndani ya ukanda huu bila kumsafirisha mtu kwa ndege kutoka Ulaya.

Wingi huo ungetuwezesha kuachana na wastani na kutumia njia bora zaidi, ya makundi mawili. Unawapima mabingwa, unawapima pia wanafunzi wa mwaka wa kwanza, unachora alama za kila kundi kwenye mchoro mmoja, na mstari wa kufaulu unauweka pale michoro miwili inapokatana. Njia hii inakuonyesha pia jambo ambalo wastani wa mabingwa hulificha: kama michoro inalaliana karibu yote, zoezi lenyewe halitofautishi bingwa na mwanafunzi na linafaa kutupwa. Njia ya Angoff, ya kuwakalisha wajuzi mezani wakadirie mtu wa kiwango cha chini kinachokubalika angepata ngapi, inafaa kwa mtihani wa maandishi. Kwa kazi ya mikono naiona kama kukisia.

Kinachobaki ni ratiba, na hapo ndipo mipango mingi mizuri hufia. Kigezo cha kweli hakimwambii mwanafunzi afanye mazoezi saa ngapi. Kinamwambia afike wapi, na afike zaidi ya mara moja, kwani FLS hudai mara mbili mfululizo na kwa baadhi ya mazoezi mara kumi zaidi, ili bahati isihesabiwe kuwa ustadi. Mmoja atafika kwa wiki mbili, mwingine kwa miezi miwili, na idara iliyozoea kuwapanga wanafunzi thietani kwa mwaka wa masomo italazimika kumwacha wa mwaka wa pili atangulie wa mwaka wa tatu. Wakuu wa idara watalipinga hilo kabla hawajaipinga hesabu yoyote, na wana sababu, maana anayesubiri kufikia kigezo bado ana zamu za usiku, na zamu hizo hazina mtu mwingine wa kuzishika. Kwa hiyo saa za mazoezi ziandikwe ndani ya ratiba ya zamu kama kazi, zenye jina la mtu na jina la anayemshikia wodi. COSECSA, ambayo tayari hukagua hospitali kabla ya kuziruhusu kufundisha, inaweza kuliweka hilo kwenye fomu yake ya ukaguzi na kuomba kuona ratiba ya mwezi uliopita, ikiwa na sahihi.